Nikifua leo, kesho kutwa siamki: je, misuli yangu imekufa?

*"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, nina miaka 36 na watoto wawili. Mwaka jana mwezi wa nne niliugua homa kali na kikohozi, nikalala wiki mbili. Homa iliisha ila nguvu hazikurudi. Zamani nilikuwa nacheza netiboli. Sasa nikifua nguo Jumamosi, siku hiyo najiona niko sawa, lakini ikifika Jumapili jioni au Jumatatu mwili wote unauma, kichwa kizito, hata maneno yananipotea nikiwa mbele ya darasa, nalala siku mbili. Nimetibiwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili, nimewekewa na dripu za vitamini. Mume wangu anasema nadeka. Mwalimu wetu wa michezo anasema nikimbie kila asubuhi mwili uzoee. Nimesoma kwamba mtafiti mmoja wa Uholanzi amegundua misuli ya watu kama mimi imeharibika. Najiona kama simu ya betri mbovu. Je, misuli yangu imekufa? Nikimbie au nilale? Na vile vidonge vya mitokondria vinavyouzwa mtandaoni kwa laki na themanini, ninunue?"*

Marahaba, mwalimu. Nitaanza na majibu yenyewe, maana najua kusoma maelezo marefu kwako ni kazi kama kazi nyingine. Misuli yako haijafa. Usikimbie. Hela ya vidonge iweke kwanza, itafaa kwenye vipimo. Mengine yote hapa chini ni sababu zake, na unaweza kuyasoma kidogokidogo, au umpe mzee wa nyumbani akusomee. Naye yanamhusu.

Kilichonigusa kwenye barua yako ni siku. Unafua Jumamosi, unaanguka Jumapili jioni au Jumatatu. Uchovu tuliouzoea sisi sote hauji hivyo. Mtu akilima asubuhi huchoka palepale shambani, akaoga, akala, akalala, kesho yake ana maumivu ya mgongo lakini akili yake ni nzima. Wako unachelewa saa nyingi au siku nzima, halafu unakuja na mambo yasiyohusiana na kufua: kichwa, usahaulifu, mwili kama una homa. Na usingizi hauuondoi. Wagonjwa wengi wa uchovu huulizwa hospitalini "unachoka?" wakajibu ndiyo, na mazungumzo yakaishia hapo, maana nani hachoki? Swali lenye maana ni "siku ya pili unakuwaje?"

Kuzidiwa huku kwa kuchelewa baada ya kujituma ndiyo alama kuu ya ugonjwa wa uchovu sugu, ambao kitaalamu hufupishwa ME/CFS. Si ugonjwa wa jana. Mwaka 1955 wafanyakazi wengi wa Hospitali ya Royal Free, London, waliugua kwa pamoja ugonjwa wa namna hii mpaka hospitali ikafungwa kwa muda, na mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya mfumo wa fahamu. Mara nyingi huanza baada ya maambukizi, ya virusi hasa. UVIKO-19 umeongeza sana idadi ya watu wenye hali inayofanana nao, na ndiyo maana miaka ya karibuni watafiti wa misuli wamepata fedha na wagonjwa wa kutosha kuuchunguza. Sisemi kwamba wewe unao. Kwa barua tu siwezi kusema hivyo, na nitakueleza ni magonjwa gani lazima yaondolewe kwanza.

Sasa hiyo betri yako. Mfano ni mzuri ila una kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo inayoeleza ugonjwa. Betri huweka akiba. Msuli hauweki akiba ya maana. Nguvu inayokunja msuli hutoka kwenye kemikali iitwayo ATP, na iliyopo ndani ya msuli wakati wowote ingetosha sekunde chache tu za kazi ngumu. Kwa hiyo msuli hutengeneza ATP papo hapo, kadiri unavyoitumia, mchana na usiku. Simu yako inayozimika ina betri isiyoshika chaji. Mwili wako, kama dhana ya watafiti ni sahihi, una shida kwenye mtambo unaozalisha. Ndiyo maana kulala kwa muda wa saa kumi na mbili hakukurudishii kitu.

Uzalishaji wenyewe una njia tatu. Ya kwanza ni kreatini fosfati, ambayo hukusaidia kama sekunde kumi hivi, kwa mfano kunyanyua ndoo kutoka chini. Ya pili ni kuvunja sukari bila oksijeni: ni ya haraka, lakini molekuli moja ya glukosi inatoa ATP mbili tu na kuacha mabaki yaitwayo lakteti. Ya tatu hufanyika ndani ya mitokondria, yaani vile vijitambo vidogo vilivyo ndani ya seli, kwa oksijeni, na glukosi ileile inatoa ATP karibu 30. Mtu mwenye afya anayefua hutegemea sana njia ya tatu. Ila kufua kwa mkono si kazi ndogo, kwa jinsi wengi wanavyoidharau. Unapokamua shuka, misuli ya mkono inajikaza na kubaki imekaza, na msuli uliokaza hubana mishipa yake yenyewe ya damu. Oksijeni inapungua, msuli unahamia njia ya pili. Ongeza kuinama, ongeza jua la Dodoma, ongeza kusimama kwenye kamba kuanika mikono ikiwa juu ya kichwa. Mtu mwenye afya humudu. Mwenye mitokondria inayofanya kazi chini ya kiwango huvuka mpaka wa oksijeni mapema mno, pengine kwenye beseni la kwanza, bila kujua kwamba amevuka.

Hapo niondoe jambo moja linalosemwa sana kwenye jimu na hata zahanati, kwamba maumivu ya kesho yake ni "asidi imejaa kwenye misuli". Lakteti huondoka kwenye damu ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya kuacha kazi, na moyo wenyewe huitumia kama chakula. Jumatatu lakteti ya Jumamosi haipo. Kinachokuumiza Jumatatu ni kingine.

Kingine hicho ndicho alichokitafuta mtafiti uliyemsoma. Bila shaka ni Rob Wüst wa Vrije Universiteit, Amsterdam. Yeye na wenzake walichapisha kazi yao Januari 2024 kwenye jarida la Nature Communications. Walichukua watu 25 waliobaki na uchovu baada ya UVIKO-19, wote wenye kuzidiwa baada ya kujituma kama wewe, na watu 21 waliougua UVIKO wakapona vizuri. Kila mmoja aliendesha baiskeli ya maabara mpaka mwisho wa uwezo wake, kazi ya dakika kumi mpaka kumi na tano. Wiki moja kabla na siku moja baadaye walitolewa kipande kidogo cha msuli wa paja: ngozi inatiwa ganzi, sindano nene inaingia, inatoka na nyama isiyofika hata nusu gramu. Hiyo sampuli ya pili ndiyo iliyoleta jipya, kwa sababu kabla ya hapo wengi walichunguza wagonjwa wakiwa wamepumzika tu.

Walichokiona ni kwamba mitokondria za wagonjwa zilifanya kazi chini ya zile za wenzao hata kabla ya baiskeli, na siku moja baada ya baiskeli zilishuka tena. Misuli yao ilikuwa na nyuzi nyingi zaidi za aina ya haraka, zile zinazotegemea njia ya pili na kuchoka upesi. Na ndiyo, palionekana sehemu ndogondogo ambazo nyuzi zimekufa, zikiongezeka baada ya zoezi. Nadhani hapo ndipo ulipoogopa. Elewa ukubwa wake: ni madoa hapa na pale kwenye sampuli, pamoja na dalili kwamba msuli unajitengeneza upya, kazi ambayo msuli una seli zake maalumu za kuifanya. Msuli uliokufa haukunji kabisa. Wewe bado unabeba daftari za darasa zima.

Jambo jingine walilolitazama ni vishipa vyembamba vya damu. Mitandaoni kumeenea habari za mabonge madogo ya damu iliyoganda yanayoziba vishipa hivyo, na wapo watu huko Ulaya waliolipa fedha nyingi kusafishwa damu kwa mashine. Kwenye misuli hiyo walikuta mabaki ya protini, lakini nje ya vishipa, na hawakuona vishipa vilivyoziba.

Nisikufiche udhaifu wa kazi hiyo. Watu 25 ni wachache. Wote walikuwa wagonjwa baada ya UVIKO, na hujui kama homa yako ilikuwa hiyo. Na kuona kwamba mtambo unafanya kazi chini ya kiwango si sawa na kujua nani aliuharibu. Kundi la Øystein Fluge na Olav Mella huko Bergen, Norwe, lilipima damu ya wagonjwa 200 wa uchovu sugu na kuripoti mwaka 2016 kwamba huenda kizuizi kipo kwenye kimeng'enya kinachopitisha mabaki ya sukari kuingia mitokondria. Mwaka 2023 Paul Hwang na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani walionyesha protini iitwayo WASF3 ikiwa juu kwenye misuli ya wagonjwa wengi kati ya 14 waliopimwa, na protini hiyo huvuruga mpangilio wa mitokondria. Milango mitatu, nyumba moja pengine. Bado hakuna aliyeingia ndani.

Mwalimu mwenzako wa michezo hakusudii mabaya. Kwa mtu aliyekaa tu na kulegea, ushauri wake ni sahihi kabisa: fanya, ongeza, mwili utazoea. Na kwa miaka mingi madaktari wakubwa walisema hivyohivyo kuhusu uchovu sugu, kwamba ni woga wa mazoezi na ulegevu. Lakini mtu mlegevu ukimpandisha baiskeli leo na kesho, matokeo ya siku zote mbili hukaribiana. Wagonjwa wengi wa ME/CFS siku ya pili hushuka. Hufika kwenye mpaka wao wa oksijeni kwa kazi ndogo zaidi kuliko jana. Kundi la Amsterdam lilikwenda mbele zaidi, likalinganisha misuli ya wagonjwa na ya watu wenye afya waliolazwa kitandani siku 60 kwa ajili ya utafiti. Mabadiliko hayakufanana. Oktoba 2021 taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, NICE, iliondoa kabisa mazoezi ya kuongezwa kila wiki kwenye matibabu ya ugonjwa huu. Kwa hiyo kukimbia hapana, angalau mpaka ijulikane una nini.

Ila kulala kutwa nako hapana. Kitanda kina madhara yake: misuli inapungua kweli, damu inaganda miguuni, na ukisimama unaona kizunguzungu. Kinachofaa ni kuishi ndani ya kipimo chako, na kipimo hicho unakitafuta kwa daftari, si kwa kukisia. Kwa wiki mbili andika kila jioni ulichofanya na ulivyoamka. Usiandike "nilichoka". Andika "beseni mbili za nguo, nimesimama", "vipindi vinne, nimekaa", "mstari wa asubuhi nusu saa juani". Ukisoma nyuma utaiona siku iliyokuangusha, na mara nyingi itakuwa ile uliyojisikia vizuri ukataka kumaliza kila kitu. Baada ya hapo kata kazi vipande. Nguo sita Jumanne, sita Alhamisi, ukiwa umekaa kwenye kigoda, mashuka akamue mtu mwingine. Pumzika kabla hujachoka, hata dakika kumi kati ya kipindi na kipindi, macho yamefungwa. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, hasa kwa mwanamke mwenye watoto. Kama una saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo, baadhi ya wataalamu huwashauri wagonjwa wasizidi mapigo 15 juu ya yale ya wakati wa kupumzika. Si amri, ni kengele tu. Mwalimu mkuu akipewa barua ya daktari anaweza kukuondolea zamu na kukuruhusu ufundishe ukiwa umekaa.

Kuhusu kudeka. Huzuni kubwa pia huleta uchovu, na ni ugonjwa halali wenye tiba, sitaki uuonee aibu. Lakini kwa kawaida mtu mwenye sonona hamu ya mambo inamwisha, na akitembeatembea huwa afadhali. Wewe hamu unayo. Unafua kwa sababu unataka kufua, kisha unalipa. Tena mambo haya mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, maana ugonjwa usioaminiwa na watu wa nyumbani huchosha roho. Nakushauri mume wako aende nawe hospitalini, akasikie kwa masikio yake.

Na hospitali lazima uende, kwa sababu yapo magonjwa ya kawaida kabisa yanayofanana na haya na ambayo yanatibika. La kwanza kwa mwanamke wa umri wako ni upungufu wa madini ya chuma. Omba picha kamili ya damu na, inapopatikana, kipimo cha feritini, kwa sababu chuma kinaweza kuisha kwenye akiba kabla damu haijaonekana kupungua. Chuma hakitumiki kwenye damu tu. Vimeng'enya vya mitokondria navyo vinakihitaji, kwa hiyo mtu asiye nacho huchoka kwa njia ileile niliyoieleza hapo juu. Ukikutwa huna, chai usinywe pamoja na chakula wala na vidonge vyake, inazuia chuma kuingia mwilini. Vipimo vingine ni tezi ya thairoidi, sukari, VVU, figo na ini, na kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK. Kifua kikuu kiulizwe, na brusela pia, hasa kama mnakunywa maziwa mabichi au mmesaidia mifugo kuzaa. Hiyo huleta homa za kuja na kuondoka, jasho na maumivu ya viungo kwa miezi. Pia waombe wapime mapigo na presha ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama wima dakika kumi. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi bila presha kushuka, hilo ni tatizo la kusimama, huandamana sana na uchovu huu, na lina hatua za kulipunguza. Kama unatumia dawa yoyote ya kudumu, ipeleke na kopo lake, kwa sababu zipo zinazogusa misuli, zikiwemo baadhi za kushusha mafuta kwenye damu na zidovudini, dawa ya VVU.

Zile malaria tatu na taifodi mbili zinanitia shaka. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na kipimo cha Widal kikifanywa mara moja tu hakitoshi kuthibitisha taifodi, kwani kinga za zamani hubaki kwenye damu. Huenda umetibiwa karatasi. Safari ijayo ukiambiwa una malaria, omba ithibitishwe kwa darubini kabla ya dawa. Dripu za vitamini kwa mtu anayekula na kunywa ni mkojo wa gharama.

Tumalizie na vile vya laki na themanini. Vinavyoitwa vidonge vya mitokondria huwa ni koenzaimu Q10, kanitini, raibosi na vitamini za B, kwa mchanganyiko wa kila muuzaji. Kimantiki vinavutia, na kuna tafiti ndogo zilizotoa matumaini. Lakini ugonjwa huu umetufundisha kutoyaamini matumaini ya tafiti ndogo. Kundi lilelile la Bergen liliona wagonjwa wakipata nafuu kwa dawa iitwayo rituksimabu, utafiti wa watu 30 mwaka 2011 ukaonyesha matumaini, dunia nzima ya wagonjwa ikaisubiri. Walipoijaribu kwa watu 151 haikuwa bora kuliko maji ya chumvi, na mwaka 2019 wakalichapisha hilo wenyewe, waziwazi. Nawaheshimu zaidi kwa hilo. Mpaka leo hakuna kirutubisho wala dawa iliyothibitishwa kutibu ugonjwa wa uchovu sugu. Ukiamua kujaribu Q10 baada ya vipimo, ni uamuzi wako na mara nyingi haina madhara makubwa, ila huingiliana na warfarini ya kuzuia damu kuganda, na usikope kwa ajili yake.

Utapona? Baadhi hupona kabisa. Wengi hupata nafuu isiyokamilika, polepole, na wanaojilazimisha mara kwa mara ndio ninaowahofia zaidi. Kwa ugonjwa wenyewe kuthibitishwa, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani ndiye wa kumwona, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa au Benjamin Mkapa. Chukua daftari lako la wiki mbili. Litasema mengi kuliko wewe utakavyoweza kusema ndani ya dakika tano za chumba cha daktari.

Usisubiri wiki mbili kama kuna mojawapo ya haya: kupungua uzito bila sababu, jasho la usiku, kikohozi kilichozidi wiki mbili. Na nenda siku hiyohiyo ukipata maumivu ya kifua, ukishindwa kupumua ukiwa umelala chali, miguu ikivimba, kope za juu zikilegea na kufunika macho au ukaanza kuona vitu viwili, au mkojo ukawa wa kahawia iliyokolea baada ya kazi. Nyumbani jaribu pia hili: chuchumaa, kisha simama bila kushika chochote. Ukisimama lakini ukachoka, hayo ni tuliyoyazungumza. Ukishindwa kunyanyuka kabisa, huo ni udhaifu wa msuli wenyewe, ni ugonjwa wa aina nyingine, na unahitaji CK na uchunguzi wa mishipa ya fahamu bila kuchelewa.